UCHAMBUZI: Mtihani wa ugenini kwa vijana wahubiri wa Kimormoni

KIJANA wa miaka 18, aliyezoea kuamshwa na mamake ili asichelewe shuleni, hujikuta miezi michache baadaye akibisha mlango wa mtu asiyemjua katika nchi ambayo lugha yake hajaimudu.

Amevalia shati jeupe na tai. Kifuani amebandika kibati cheusi chenye jina lake la ukoo na jina la kanisa lake. Kando yake amesimama kijana mwenzake ambaye hakumchagua na ambaye haruhusiwi kuachana naye mchana wala usiku. Mlango unafunguliwa. Anatamka sentensi aliyoikariri tangu alfajiri na, kabla hajaifikisha ukingoni, mlango unafungwa.

Huo ndio utangulizi wa huduma kwa maelfu ya vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo umma hulijua zaidi kama kanisa la Wamormoni. Hilo ni jina ambalo viongozi wake wamekuwa wakiwahimiza watu waliache tangu 2018. Kanisa hilo, lenye makao makuu mjini Salt Lake City katika jimbo la Utah, Marekani, lina zaidi ya wamishonari 80,000 waliotawanyika kote duniani. Wengi wao hawajatimiza umri wa miaka 22.

Mjadala kuhusu umri wa vijana hao ulipata uhai mpya mnamo Novemba 2025, pale uongozi wa kanisa ulipotangaza kwamba wasichana wanaweza kuanza huduma wakiwa na umri wa miaka 18, sawa na wavulana. Mnamo Oktoba 2012, aliyekuwa rais wa kanisa hilo, Thomas S. Monson, alikuwa ameshusha umri wa wavulana kutoka miaka 19 hadi 18, na wa wasichana kutoka 21 hadi 19. Kwa maneno mengine, katika muda wa miaka 13 umri wa msichana kutumwa ughaibuni umepungua kwa miaka mitatu.

Kwa Wakenya, suala hili si la mbali. Hekalu la kwanza la kanisa hilo nchini liliwekwa wakfu jijini Nairobi mnamo Mei 18, 2025. Wakazi wa miji mingi wamezoea kuwaona vijana wawili wawili, mmoja labda mzungu na mwingine Mwafrika, wakipita mitaani kwa miguu huku jasho likiwatiririka chini ya tai zao.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukichunguza kwa makini yanayompata kijana huyu katika majuma yake ya kwanza ugenini, utagundua kuwa methali hiyo huenda ikahitaji kugeuzwa. Swali linalofaa kuulizwa si idadi ya wenyeji anaowabatiza, bali ni nini kinachompata yeye mwenyewe, na ni nani anayeubeba mzigo wa safari hiyo.

WITO

Utaratibu wenyewe ni wa kipekee. Kijana hutuma maombi kupitia kwa viongozi wake wa karibu, akapimwa afya na kuhojiwa kuhusu mwenendo wake. Baada ya hapo hana usemi tena. Hachagui nchi, lugha wala mwandani wa kufanya kazi naye. Uamuzi hutolewa Salt Lake City.

Kwa miaka mingi uamuzi huo uliletwa na tarishi ndani ya bahasha kubwa nyeupe. Jamaa na marafiki walikusanyika sebuleni, mama akishika tama, huku kijana akiifungua kwa mikono inayotetemeka. Mmoja angesoma kwamba anakwenda Japani, na mwingine kwamba anapelekwa jimbo la jirani ambako angeweza kufika kwa gari kabla ya jua kutua. Tangu 2018 bahasha hiyo ilianza kuchukuliwa nafasi na ujumbe wa kielektroniki, ila mkusanyiko wa sebuleni ungalipo.

Wavulana hutumika kwa miezi 24, wasichana kwa miezi 18. Hakuna mshahara. Kinyume na wanavyodhani wengi wanaowaona mitaani, vijana hawa hawalipwi hata senti moja. Familia ndizo hulipa. Tangu Julai 2020, mmishonari kutoka Marekani na mataifa mengine tajiri hutakiwa kuchanga dola 500 kila mwezi, kutoka dola 400 za awali. Mvulana wa Marekani, basi, hukamilisha huduma yake baada ya kutumia dola 12,000 za wazazi wake au za akiba yake mwenyewe. Wanaotoka katika nchi maskini husaidiwa na hazina ya pamoja inayotokana na michango ya waumini.

Kabla ya kuondoka, kijana hupitia chuo cha mafunzo. Kikubwa zaidi kiko Provo, Utah, ambako hufundishwa lugha zaidi ya 50. Barani Afrika, chuo cha Ghana kimekuwa kikiwapokea vijana tangu 2002. Anayehubiri kwa lugha yake hukaa huko majuma machache tu. Anayejifunza lugha ngeni hupewa takriban miezi miwili.

Mwalimu yeyote wa Kiswahili atakuambia miezi miwili ni muda mfupi mno. Mwanafunzi aliyezaliwa Nakuru au Kisii husoma ngeli kwa miaka 12 na bado akazikosea katika mtihani wa kitaifa. Mgeni anayekariri maamkizi, sala na maelezo ya dini kwa siku 60 huweza kuzungumza kuhusu wokovu kwa ufasaha wa kushangaza, lakini akaduwaa sokoni anapoulizwa iwapo anataka fungu la nyanya au debe.

RATIBA

Mshtuko wa pili hutokana na ratiba. Kwa kawaida kijana huamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kulala saa nne na nusu usiku. Kati ya saa hizo kuna mazoezi ya mwili, kusoma maandiko peke yake, kusoma pamoja na mwenzake, kujifunza lugha, kisha kwenda nje kutafuta wasikilizaji. Siku moja tu katika juma hutengwa kwa kufua, kununua chakula na kuwaandikia jamaa.

Haruhusiwi kuwa na mpenzi, kwenda sinema wala kutembea peke yake. Mwenzake ndiye macho yake, naye ni macho ya mwenzake. Mgeni mpya huunganishwa na mmishonari mzoefu ambaye humfunza kazi kwa majuma 12 ya kwanza. Wakielewana, kijana hupata ndugu wa maisha. Wasipoelewana, majuma hayo 12 huwa marefu kuliko mwaka, kwa kuwa hakuna chumba cha kukimbilia.

Upweke wa zamani ulikuwa mkali zaidi. Hadi mwanzoni mwa 2019, mmishonari aliruhusiwa kuisikia sauti ya wazazi wake mara mbili tu kwa mwaka: wakati wa Krismasi na Siku ya Akina Mama. Siku nyingine zote zilikuwa za barua. Mnamo Februari mwaka huo kanisa lililegeza kamba, likaruhusu mazungumzo ya simu au ya video na familia kila juma. Mabadiliko hayo yalipokewa kwa shangwe na wazazi, ingawa baadhi ya waliotangulia walinung'unika kwamba vijana wa leo wanadekezwa.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua upesi. Kwa Kiingereza kijana huyu hupewa cheo ambacho machapisho ya Kiswahili ya kanisa hilo hukitafsiri kuwa ‘Mzee'. Msichana huitwa ‘Dada'. Katika jamii ambayo uzee hauombwi bali hufikiwa kwa mvi, watoto na busara, kumwita barobaro asiye na ndevu ‘Mzee' ni kumtwika joho linalomburuta chini. Wenyeji hucheka, naye hulazimika kuishi kwa namna itakayowafanya waache kucheka.

Halafu kuna kikombe cha chai. Tangu 1833 waumini hao wamekuwa na mwongozo wa afya ambao huharamisha pombe, tumbaku, kahawa na chai. Huko Utah si jambo la kuumiza kichwa. Hapa, katika nchi inayouza chai ya Kericho kote ulimwenguni, mambo ni tofauti. Kikombe cha chai ya maziwa ndicho salamu yenyewe. Mama aliyewasha jiko kwa kuni za kuokota na kumkaribisha mgeni kwa moyo mkunjufu hawezi kuelewa mara moja ni kwa nini kijana anasukuma kikombe kando.

Hapo ndipo kijana anapopata somo ambalo hakufundishwa Provo. Hulazimika kujua jinsi ya kukataa kinywaji bila kumkataa aliyekiandaa. Ataomba maji, atakula viazi vitamu vyote vilivyo kwenye sahani, atauliza hali ya mifugo na ya wajukuu. Anayeshindwa na somo hilo hubaki mgeni hadi siku ya kuondoka.

UFARANSA

Mfano ulioandikwa kwa mapana zaidi ni wa mtu ambaye Wakenya walimfahamu kwa sababu nyingine kabisa. Mnamo Novemba 2012, taifa hili lilikesha likimshangilia Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, alipomshinda Mitt Romney katika uchaguzi wa urais wa Marekani. Wachache walifahamu kwamba mwanasiasa huyo tajiri aliwahi kupiga hodi kwenye milango ya watu kwa miaka miwili na nusu.

Romney alikuwa na umri wa miaka 19 alipotua Ufaransa Julai 1966, baada ya mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Stanford. Babake, George Romney, alikuwa gavana wa Michigan na alitajwa kuwa miongoni mwa waliotarajiwa kuwania urais. Kijana huyo hakuwahi kukosa kitu. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Le Havre, mji wa bandari uliobomolewa kwa mabomu mnamo 1944 na kujengwa upya kwa saruji.

Wakati ulikuwa mbaya kwa Mmarekani kuhubiri huko. Mwaka huo huo, Rais Charles de Gaulle alikuwa ameiondoa Ufaransa katika uongozi wa kijeshi wa NATO. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na Wafaransa, ambao wenyewe walikuwa wamefurushwa kutoka nchi hiyo mnamo 1954, hawakusita kuwakemea vijana wa Marekani waliofika mlangoni. Isitoshe, ujumbe wenyewe ulimtaka Mfaransa aache mvinyo na kahawa. Ni sawa na kumwendea mvuvi wa Lamu na kumwambia kwamba samaki ni haramu.

Milango ilifungwa siku nenda siku rudi. Romney mwenyewe amewahi kusimulia kwamba kukataliwa huko kulimlazimisha ajiulize kwa mara ya kwanza kama anaamini anayoyahubiri, au aliyapokea tu kwa kuwa alizaliwa katika nyumba ya waumini. Hilo ni swali ambalo kijana aliyekaa nyumbani anaweza kulikwepa maisha yake yote.

Akiwa huko, alifuatilia kwa mbali masaibu ya babake. Mnamo 1967 George Romney alidai hadharani kwamba majenerali na wanadiplomasia walikuwa wamemtia kasumba kuhusu Vietnam. Kauli hiyo ilimponza, na Februari 1968 akajiondoa katika kinyang'anyiro. Mei mwaka huo Ufaransa ilitikiswa na migomo ya wanafunzi na wafanyakazi.

Juni 1968, gari lililokuwa likiendeshwa na Romney liligongwa ana kwa ana na gari jingine kusini magharibi mwa nchi hiyo. Mke wa kiongozi wa wamishonari nchini Ufaransa, aliyekuwa miongoni mwa abiria, alifariki. Romney alizirai, na polisi aliyefika alimdhania kuwa maiti hata akaandika kwenye pasipoti yake kwamba amekufa. Kiongozi aliyefiwa aliporejea Marekani kumzika mkewe, kijana huyo wa miaka 21, akiwa bado anauguza majeraha, alisaidiana na mwenzake kuendesha shughuli za wamishonari wote nchini humo.

Hata hivyo, simulizi za namna hii hazifai kumezwa bila kutafunwa. Desemba 2011, akitafuta kura, Romney alieleza jinsi alivyoishi Ufaransa katika nyumba zisizo na bafu wala choo cha kuridhisha. Magazeti yalichimbua na kuonyesha kwamba miezi yake ya mwisho aliishi katika jumba la kifahari la kanisa jijini Paris. Yote mawili yalikuwa kweli, lakini mwanasiasa alitaja lile lililomfaa.

Vilevile, huduma hiyo ilimpa nafuu ambayo mtoto wa kabwela hakuipata. Akiwa mhubiri, aliahirishiwa wito wa kwenda jeshini huku vijana wa rika lake wakifa Vietnam. Wakosoaji wake walilikumbusha taifa jambo hilo kila alipowania kiti.

AFRIKA

Kwa Afrika, historia ya vijana hawa ina kidonda ambacho hakiwezi kufunikwa kwa tai na tabasamu. Kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi Juni 1978, kanisa hilo halikuwaruhusu wanaume weusi kupata ukuhani, ambao karibu kila mwanamume mwingine muumini alistahili kuupata. Ni katika mwezi huo ambapo rais wa wakati huo, Spencer W. Kimball, alitangaza kufutwa kwa marufuku hayo. Mnamo 2013 kanisa lilichapisha maelezo yaliyokana hadharani nadharia zilizotumiwa zamani kuyahalalisha.

Ajabu ni kwamba hata kabla ya 1978 kulikuwa na Waafrika nchini Nigeria na Ghana waliosoma vitabu vya kanisa hilo, wakaanzisha makundi yao na kuandika barua Salt Lake City wakiomba watumiwe walimu. Wamishonari wa kwanza walifika Nigeria Novemba 1978, miezi michache baada ya tangazo, wakampata Anthony Obinna aliyekuwa amesubiri kwa miaka mingi. Alibatizwa Novemba 21 mwaka huo. Hapa si mgeni aliyebisha mlango. Mwenyeji ndiye aliyekuwa akibisha.

Mambo hayakunyooka. Juni 1989 serikali ya Jerry Rawlings nchini Ghana ilipiga marufuku shughuli za kanisa hilo na kuwaamuru wamishonari wa kigeni waondoke. Makanisa yalifungwa hadi Novemba 1990. Nchini Kenya, kanisa lilipata usajili rasmi mnamo 1991.

Tangu hapo mkondo umebadilika. Kijana wa Kitale, Kumasi au Lubumbashi leo hasubiri mzungu amletee ujumbe. Yeye mwenyewe hutumwa, mara nyingi katika nchi nyingine ya Afrika. Mkenya aliyetumwa Zambia au Uganda hukumbana na mitihani ile ile ya chakula, lugha na upweke, pamoja na mingine ambayo mwenzake wa Utah haijui.

Wa kwanza ni ule wa historia. Mwenyeji atamuuliza: “Wewe Mwafrika, kanisa hili lilikukataa hadi 1978, mbona walihubiri?” Kijana mzungu anaweza kulijibu swali hilo kwa kukariri. Kijana mweusi sharti alijibu kutoka moyoni, na huenda siku hiyo ndiyo anayolisikia kwa mara ya kwanza. Kumtuma bila kumfundisha ukweli huo waziwazi ni kumtupa vitani bila ngao.

Wa pili ni ule wa maisha baada ya huduma. Kijana wa Marekani hurejea chuoni na kuendelea alipoachia, tena akiwa na lugha ya ziada ambayo makampuni na idara za serikali huithamini. Jeff Flake, kwa mfano, alitumwa kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1980, akajifunza Kiafrikana, na baadaye akawa seneta wa Arizona na mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti kuhusu masuala ya Afrika. Miaka miwili ya ujana ilimjengea daraja la miaka 30.

Kijana wa Kiafrika hurejea nyumbani akiwa na suti moja, viatu vilivyokwisha soli na miaka miwili nyuma ya wenzake katika foleni ya kazi. Kanisa lenyewe lilikiri tatizo hilo mnamo 2001 lilipoanzisha hazina ya mikopo ya elimu kwa vijana wa nchi maskini, wengi wao wakiwa waliorejea kutoka huduma. Ni hatua njema, ingawa mkopo haugeuki ajira palipo na uhaba wa ajira.

HATARI

Wazazi wanaomsindikiza mtoto hadi uwanja wa ndege hawasindikizi mtalii. Mnamo 1989 vijana wawili wa kanisa hilo waliuawa kwa risasi nchini Bolivia na kundi la wanamgambo waliowaona kuwa mawakala wa Marekani. Machi 22, 2016, wamishonari kadhaa walijeruhiwa katika shambulio la bomu kwenye uwanja wa ndege wa Brussels.

Nchini Urusi, sheria iliyopitishwa Julai 2016 ilibana mahubiri nje ya majengo ya ibada, na kanisa likalazimika kuwaita vijana wake watu wa kujitolea. Machi 2019 wawili kati yao walizuiliwa katika mji wa Novorossiysk kwa wiki kadhaa kabla ya kufukuzwa nchini humo.

Maradhi nayo hayabagui. Ebola ilipotanda Afrika Magharibi mnamo 2014, wamishonari wote waliondolewa Sierra Leone na Liberia. Machi 2020 ugonjwa wa Covid-19 uliwalazimisha makumi ya maelfu kurejea makwao ghafla. Wazazi walifurika katika uwanja wa ndege wa Salt Lake City kuwalaki, wakasahau kabisa amri ya kutokaribiana, hata wakakosolewa na viongozi wa jimbo.

Lakini hatari inayowapata wengi zaidi haina bunduki wala homa. Ni ile ya akili na moyo. Kijana aliyesifiwa tangu utotoni kwamba siku moja atakuwa mmishonari hodari hawezi kuwaandikia wazazi kwamba analia usiku. Huandika kwamba kila kitu ni shwari. Mwenzake naye huandika vivyo hivyo, na kila mmoja hudhani ni yeye pekee aliye dhaifu.

Wanaoshindwa na kurejea kabla ya muda hukuta mlango mwingine umefungwa, safari hii nyumbani. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Utah Valley mnamo 2013 ulibaini kwamba wengi wa vijana hao walijihisi wameshindwa, hata pale ambapo waliondoka kwa sababu ya ugonjwa. Majirani huuliza kulikoni. Wasichana huwakwepa. Baba hukosa la kusema. Kijana wa miaka 19 huanza utu uzima akiwa na alama ambayo hakuitafuta.

Ndiposa suala la umri si dogo. Wanaounga mkono kushushwa kwake husema kwamba kijana wa miaka 18 bado ana ari, hajafungwa na ndoa wala kazi, na ni bora aondoke kabla ya chuo kumpeleka njia nyingine. Hoja hiyo ina uzito. Wanaopinga hujibu kwamba aliyetoka shuleni jana hajawahi kulipa kodi ya nyumba wala kuishi na mtu asiye nduguye, na kwamba kumpa haya yote kwa mpigo ugenini ni kumtosa majini ili ajifunze kuogelea. Hoja hiyo nayo haiwezi kupuuzwa.

PESA

Kuna pia swali la mali. Februari 2023, tume inayosimamia masoko ya hisa nchini Marekani ilitangaza kwamba kanisa na kampuni yake ya uwekezaji yangelipa faini ya jumla ya dola milioni 5 kwa kuficha ukubwa wa uwekezaji kwa kutumia kampuni za kiini macho. Uwekezaji huo ulikuwa umefikia takriban dola bilioni 32 kufikia 2018. Kanisa lilisema linajutia makosa yaliyofanyika na kwamba suala hilo limefungwa.

Muumini wa kawaida ana haki ya kuuliza: ikiwa hazina ni nono kiasi hicho, kwa nini mjane amlipie mwanawe dola 500 kila mwezi ili akahubiri? Watetezi wa utaratibu huo husema kwamba kafara ndiyo humpa kijana uzito wa kile anachokifanya, na kwamba mtu haheshimu alichopewa bure. Huenda ni kweli. Lakini kafara ya tajiri na ya maskini hazipimwi kwa kibaba kimoja, na kanisa linalowaomba watoto wake miaka miwili ya ujana linapaswa kuwa la kwanza kuweka hesabu zake wazi.

TATHMINI

Ukiyapima yote haya, jambo moja linajitokeza. Idadi ya waliobatizwa, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo kipimo cha mafanikio, haielezi hata nusu ya kinachotendeka. Kijana aliyerudi Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa amebatiza watu wachache hakuwa kijana yule aliyeondoka. Alikuwa ameonja kukataliwa, msiba na dhamana iliyozidi umri wake. Mnamo Februari 2020, Romney alikuwa seneta wa kwanza katika historia ya Marekani kupiga kura ya kumtia hatiani rais wa chama chake katika kesi ya kumng'oa mamlakani. Alieleza siku hiyo kwamba alisukumwa na kiapo chake mbele ya Mungu. Wapo watakaosema kwamba aliyefungiwa milango elfu hatishwi na mlango mmoja zaidi.

Hata hivyo, kwa kila Romney wapo wengine ambao hawakuwa na baba gavana, wala jumba la Paris la kumalizia miezi ya mwisho. Hao ndio wanaopaswa kufikiriwa wakati umri unaposhushwa na idadi inapopanda.

Mambo matatu hayahitaji ufunuo kutoka mbinguni. Kwanza, kijana aandaliwe kwa ukweli wote: kwamba atakataliwa, kwamba atalia, na kwamba historia ya kanisa lake ina kurasa ambazo ataulizwa. Pili, anayerejea mapema apokewe kama mtoto aliyerudi nyumbani, wala si askari aliyetoroka vitani. Tatu, kijana wa Kiafrika asiachwe mikono mitupu pindi anapokivua kile kibati cheusi.

Na kwa mwenyeji je? Anayebishiwa mlango ana haki ya kuufunga, imani hailazimishwi. Lakini kabla ya kuufunga kwa kishindo, mama wa Nairobi, wa Le Havre au wa Lubumbashi anaweza kukumbuka kwamba aliyesimama nje ni mwana wa mama mwingine, aliyetoka mbali, ambaye hajala tangu asubuhi na anayeogopa zaidi ya anavyoonyesha. Gilasi ya maji haimfanyi mtu abadili dini.

Asiyefunzwa na mamaye, walisema wahenga, hufunzwa na ulimwengu. Vijana hawa wamefunzwa na mama zao, kisha wakapelekwa kwa hiari yao wafunzwe na ulimwengu pia. Kilichobaki ni wale wanaowatuma kuhakikisha kwamba somo hilo haliwavunji kabla ya kuwakomaza.